Ukuta Kwanza, Bolti Baadaye

Kazi ya kufunga mbao ukutani karibu kila mara huanza na swali lilelile: "Fundi, tuweke bolti ya unene gani?" Nimeulizwa na wenye nyumba, nimeulizwa na waashi, na vijana ninaofanya nao kazi huniuliza hata kabla hatujashusha mbao. Nami humrudishia muulizaji swali langu: ukuta wenyewe ni wa nini? Wapo wanaodhani nakwepa.

Bolti ya milimita 12 ya daraja la kawaida kabisa, lile linaloandikwa 4.6, haikatiki kwa kuvutwa mpaka ifikie takriban tani 3.4. Ya daraja la 8.8 huenda hadi tani 6.9 hivi. Hakuna tofali litakalokupa upinzani wa namna hiyo. Chuma kikiwa bado hakijahisi chochote, tofali limeshapasuka, au mota, ule mchanganyiko unaounganisha matofali, imeachia na tofali zima limechomoka pamoja na bolti yake. Mzigo ambao nanga moja, yaani bolti au kifungio chochote kilichoshikishwa ukutani, huruhusiwa kubeba katika ukuta wa matofali mara nyingi huhesabiwa kwa mamia machache ya kilo, na tani hazitajwi kabisa. Kwa hiyo anayenunua bolti nene zaidi kwa ajili ya ukuta dhaifu analipia nguvu asiyoihitaji, na juu ya hapo anatoboa tundu kubwa zaidi katika kile kile kilichokuwa dhaifu.

Nazungumzia mbao zinazobeba: ubao mrefu unaofungwa ubavuni mwa ukuta ili boriti za sakafu au za paa la kibaraza zishikwe nao, ule wa juu ya ukuta ambao mafundi wengi huuita wolpleti, na nguzo ya mbao inayosimama ikiwa imebanwa ukutani. Rafu ya vyombo haimo humu. Ikianguka utaokota vikombe. Sakafu ikianguka utaokota watu.

Ukuta huficha mambo nyuma ya plasta, na njia ya kuyajua ni kutoboa. Mimi hutoboa tundu dogo la milimita 6 mahali ambapo ubao utapafunika, kisha naangalia vumbi na kusikiliza mashine. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. La kijivu, linalotoka kidogo kidogo huku mashine ikilalamika, ni zege au tofali zito la saruji. Jeupe laini linalomwagika kama unga ni zege lenye mapovu, lile tofali jepesi, au ni mota ya zamani ya chokaa. Mashine ikizama ghafla umefika kwenye uwazi, na hapo ni vizuri kupima umezama baada ya milimita ngapi, maana huo ndio unene wa ganda la tofali na ndiyo nyama yote utakayopata upande huo. Tundu moja halitoshi. Nimeona ukuta mmoja wenye mawe chini, matofali matupu katikati na linta ya zege juu ya mlango, vyote vimefunikwa na plasta moja safi.

Plasta yenyewe haihesabiwi. Ukiwa na milimita 20 za plasta, nanga yako ya milimita 90 imeshika milimita 70 tu za ukuta. Tena kuna ubaya wa pili ambao wengi hawauoni: plasta husagika chini ya ubao uliobanwa, ubao unalegea, na bolti iliyokusudiwa kusimama imara kando ya ukuta sasa inapinda katika ile nafasi laini. Kwa mzigo mzito nabandua plasta yote nyuma ya ubao hadi tofali lionekane. Ni vumbi na ni kero, lakini baada ya hapo najua kwa macho yangu kozi za matofali, yaani safu zake za kulala, zinapita wapi na viungio viko wapi. Bolti hukaa katikati ya tofali. Kiungio cha kusimama, kile kati ya tofali na tofali, nakiepuka kabisa, kwa kuwa mara nyingi mwashi alipaka mota kidogo mbele na ndani kukabaki hewa.

Baada ya ukuta nauliza nguvu inaelekea wapi. Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu watu huona mzigo ukishuka chini na kudhani kazi ya bolti ni kuzuia ubao usiteleze. Hiyo ni nusu ya kazi. Chukua sakafu ya boriti za mita 4, upande mmoja umebebwa na ubao wa ukutani. Ubao huo unabeba nusu ya urefu, yaani mita 2. Tuseme watu na vitu vyao ni kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na sakafu yenyewe kilo 50. Mara mita 2, unapata kilo 400 kwa kila mita ya ubao. Ukiweka bolti kila milimita 400, kila moja inashushiwa kilo 160. Kwa chuma hiyo si kitu, na tofali zito lililojaa litaistahimili.

Lakini mzigo haushuki usoni mwa ukuta. Unashukia kwenye vishikio vya chuma vya boriti, mbele ya ubao, pengine milimita 75 kutoka ukutani. Shika ndoo ya maji ukiwa umenyoosha mkono na utaelewa bega linavyoteseka. Ubao nao hutaka kugeuka: sehemu ya chini inausukuma ukuta, sehemu ya juu inajaribu kujitoa, na kinachouzuia ni bolti kwa kuvutwa kutoka tunduni. Ubao ukiwa na kimo cha milimita 200, bolti ikiwa juu kiasi cha kupata mkono wa milimita 120 kutoka pale ubao unapoegemea chini, mvuto ni 160 mara 75 gawanya kwa 120: kilo 100. Sasa punguza ubao uwe wa kimo cha milimita 100, kwa sababu ndio uliobaki ghalani. Mkono unabaki milimita 40 hivi, na mvuto unaruka hadi kilo 300. Mzigo ni uleule, bolti ni ileile, ukuta ni uleule. Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja, naongeza kimo cha ubao kabla ya kugusa unene wa bolti.

Na ukitanguliza vipande vya kutenganisha ubao na ukuta ili hewa ipite, jambo zuri kwa mbao za nje, kumbuka umeusogeza mzigo mbele zaidi. Milimita 20 za nafasi zinapandisha ule mvuto wa kilo 100 hadi karibu 127, na bolti inapita hewani bila kushikwa. Nafasi hiyo ina faida yake. Lakini iingizwe kwenye hesabu.

Kushuka pekee ukuta hukusamehe. Kuvuta haukusamehei, hasa karibu na ukingo wa ukuta, kwenye kona, kando ya dirisha, au juu kabisa ambako hakuna uzito wa kukandamiza kozi ya mwisho.

Sasa tuingie dukani. Msumari wa zege naukataa mara moja kwa kazi ya kubeba. Unapasua tofali unapoingia, na hauna cha kuushika ukivutwa. Skrubu na plagi ya plastiki, ile inayotangulizwa tunduni ili skrubu iing'ang'anie, ina mahali pake, na asili yake yenyewe inasema mahali hapo ni wapi: Mwingereza John Joseph Rawlings alipobuni plagi yake ya nyuzi za juti mwanzoni mwa miaka ya 1910, kazi ilikuwa kufunga vifaa vya umeme katika kuta za British Museum, jumba la makumbusho la London, bila kuziharibu. Mjerumani Artur Fischer akaleta ya nailoni mwaka 1958. Leo zipo plagi ndefu za fremu ambazo ni nzuri sana kwa fito, fremu za milango na mbao nyepesi. Ila plastiki iliyo chini ya mzigo wa kudumu hutambaa polepole mwaka hadi mwaka, na kwenye moto inayeyuka. Siitundikii sakafu.

Bolti ya kutanuka, ile ambayo ukikaza nati ndani yake kunafunguka na kusukuma kuta za tundu, inafanya kazi kwa kugombana na ukuta. Katika zege zito ugomvi huo ni salama na ni wa haraka: toboa, safisha, gonga, kaza, pandisha mzigo siku hiyo hiyo. Katika tofali la kuchoma, hasa laini au karibu na ukingo, msukumo uleule unaoifanya ishike ndio unaolipasua tofali. Wapo mafundi wanaokaza mpaka wasikie mlio, wakadhani imeshika. Mlio ule ulikuwa wa tofali. Aina nyembamba yenye pete ndogo mwishoni imetengenezwa kwa ajili ya zege tu, na pakiti nyingi husema hivyo waziwazi. Skrubu za zege, zinazojikatia hesi zenyewe ndani ya tundu, hazisukumi sana na nimezizoea kwenye linta na mikanda ya zege, mradi tundu liwe la kipimo kilichoandikwa na keekee isiwe imechakaa. Kwenye tofali lenye uwazi ni bure.

Kwa tofali, la kujaa au la matundu, hukumu yangu huangukia kwenye fimbo yenye hesi iliyogandishwa kwa gundi ya nanga. Haisukumi ukuta. Inaingia, inajaza kila kijitundu, inaganda, na baada ya hapo mzigo unagawanyika katika urefu wote wa fimbo. Lakini hii ndiyo nanga inayodanganya kuliko zote, kwa sababu iliyofanywa vizuri na iliyofanywa vibaya zinafanana kabisa kwa nje. Tofauti iko kwenye vumbi. Tundu lililotobolewa limepakwa vumbi pande zote, na gundi ikimwagwa humo inashika vumbi na vumbi halijashika kitu. Puliza kwa pampu kuanzia chini kabisa ya tundu, piga brashi ya duara, puliza tena, na urudie kwa idadi iliyoandikwa kwenye chupa. Mdomo wa binadamu si pampu. Unatia unyevu na vumbi linarudi machoni.

Fimbo ya milimita 12 kwa kawaida hutaka tundu la milimita 14, ya 10 hutaka la 12. Gundi hizi ni sehemu mbili zinazochanganyikia kwenye ncha ya kumiminia, hivyo mminyo wa kwanza hutupwa mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Jaza kuanzia chini ukirudi nyuma, kama theluthi mbili za tundu, kisha ingiza fimbo ukiizungusha polepole hadi gundi kidogo ichungulie mdomoni. Isipochungulia, haikutosha. Kisha acha. Muda wa kuganda hutegemea joto la ukuta na umeandikwa kwenye jedwali ubavuni mwa chupa, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi, ambayo nayo isomwe.

Tofali likiwa na matundu, gundi bila kizuizi itamwagika ndani ya uwazi na kukuacha na fimbo inayoning'inia kwenye ganda la milimita 25. Hapo lazima uwepo mfuko wa wavu, wa plastiki au wa chuma, unaoingizwa kwanza na kujazwa wote. Gundi hutokeza kwenye vitundu vya wavu na kutengeneza vifundo nyuma ya kila ganda. Na matofali haya, pamoja na yale ya zege lenye mapovu, yatobolewe kwa kuzungusha tu. Ukiwasha nyundo ya mashine, ganda la nyuma linabomoka vipande ambavyo hutaviona.

Kuna njia kongwe kuliko zote hizi ambayo bado naipenda: kupitisha bolti hadi upande wa pili na kuweka bamba la chuma, tuseme milimita 100 kwa 100 na unene wa 6. Haitegemei gundi wala msuguano. Ili ichomoke inabidi ing'oe kipande kizima cha ukuta. Moto hauilegezi upesi kama gundi, jambo la kufikiriwa ikiwa juu ya sakafu hiyo watalala watu. Kasoro zake zinajulikana: bamba linaonekana nje, maji yanaweza kufuata tundu, na ukuta wa pamoja na jirani hauna upande wa pili ulio wako.

Upande wa mbao husahaulika kwa sababu kila mtu anahangaikia ukuta. Mbao ni laini. Nati bila washa kubwa, kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati, itazama kama kidole kwenye mkate wa moto, na ubao unaweza kuchomoka kupita nati na kuanguka. Kanuni ya Ulaya ya mbao, Eurocode 5, inataka washa yenye upana usiopungua mara 3 ya kipenyo cha bolti na unene usiopungua mara 0.3, yaani milimita 36 na 3.6 kwa bolti ya 12. Mimi huenda kubwa zaidi. Kanuni hiyohiyo inataka tundu la mbao lisizidi bolti kwa zaidi ya milimita 1, kwani ubao wenye matundu mapana hushuka kabla bolti hazijaanza kubeba, na hazianzi zote pamoja.

Halafu kuna mvutano ambao hauna jibu safi. Ili kupunguza mvuto unataka bolti ziwe juu. Lakini bolti inausukuma ubao kwenda juu wakati mzigo unaushusha, na bolti iliyo karibu mno na ukingo wa juu inaweza kuupasua ubao kwa urefu, kufuata nyuzi zake. Eurocode 5 inataka walau mara 4 ya kipenyo kutoka ukingo huo, milimita 48 kwa bolti ya 12. Napendelea kupanga bolti kwa kupishana, moja juu moja chini: za juu zinashika mvuto, za chini zinasaidia kubeba, na hazikai kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Mbao mbichi huongeza shida. Ubao wa milimita 200 ukikauka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 12 unaweza kupungua kimo kwa milimita 4 hivi, na unene wa 50 kwa milimita 1. Hiyo milimita 1 inatosha kulegeza nati zote. Kwa hiyo nati hurudiwa na spana baada ya mbao kukauka, kwa mkazo ulioandikwa na mtengenezaji wa nanga, bila kuzidisha.

Kutu nitaipita haraka. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hula zinki nyembamba ya bolti za kung'aa, ambayo huwa na mikroni 5 hadi 8 tu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa mbao hizo, na kwa nje kwa ujumla, tumia zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Karibu na bahari tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4, na washa na nati ziwe za aina hiyo hiyo.

Wolpleti ni habari nyingine, kwa sababu huko adui anatoka chini kwenda juu. Paa jepesi la bati likipigwa na upepo mkali hunyanyuliwa kama bawa, na uzito wake mdogo hausaidii. Watu hutoboa bolti fupi kwenye kozi ya juu na kutosheka. Hesabu: ukuta wa milimita 150 wa tofali zito lililojaa, lenye tani 2 kwa mita ya ujazo, una kilo 300 kwa kila mita moja ya kimo. Bolti iliyoshika kozi moja ya milimita 200 imeshika kilo 60 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Paa litaondoka na kozi hiyo ikiwa bado imefungwa barabara. Mkanda wa chuma ulioshuka mita 1 ubavuni mwa ukuta na kufungwa sehemu ya chini umezikamata zile kilo 300. Mahali penye mkanda wa zege juu ya ukuta, bolti zilizopindwa mwisho na kuzikwa kabla zege halijaganda ni bora kuliko chochote utakachotoboa baadaye, ilimradi aliyemwaga zege na atakayeleta mbao wamezungumza kabla.

Na zipo kuta zinazokataa. Tofali la udongo, mawe yaliyojazwa kifusi katikati, matofali ya kuchoma yanayomomonyoka ukiyakwaruza kwa kucha. Kabla ya kukata tamaa naweka nanga za majaribio, walau 3, mahali tofauti, na kuzivuta kwa kifaa cha kupimia hadi mara 1.5 ya mvuto unaotarajiwa, huku nikiangalia kama kuna kinachosogea. Kwa sakafu ya watu, majibu hayo pamoja na michoro humfikia mhandisi kabla ya ubao wowote kupandishwa. Ikisogea hata moja, siongezi idadi ya bolti. Naacha kuuomba ukuta ubebe. Nasimamisha nguzo za mbao kando yake, kila moja juu ya msingi wake wa zege na bamba la kuzuia unyevu, ubao unakaa juu ya nguzo, na ukuta unabaki na kazi ya kuzuia nguzo zisiyumbe. Kwa kazi hiyo hata ukuta wa udongo una bolti za kupitisha zinazoutosha, zenye mabamba mapana pande zote mbili.